Sauti Inayofika: Shajara ya Mradi wa Kumtafuta Mtangazaji wa Jioni

Kituo chetu ni kidogo, kipo Temeke, na tunataka kuanzisha kipindi cha jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku: bei za sokoni, hali ya bahari, foleni, muziki kiasi na simu za wasikilizaji. Walioomba kukitangaza ni wengi kuliko nafasi. Mkurugenzi alitaka tuchague kama ilivyo desturi, watu watatu wakae chumbani, wasikilize, wakubaliane. Niliomba tuzipeleke sauti kwa wanaosikiliza, hukohuko wanakosikilizia. Ameridhia. Shajara hii ni ya kazi hiyo.

Jumatatu, juma la kwanza: skripti

Leo nimekamilisha vipande vitatu ambavyo kila mwombaji atavisoma. Cha kwanza ni tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, kwa mtindo wa zile zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Cha pili ni bei za sokoni na matangazo madogo madogo. Cha tatu hakikuandikwa: mwombaji anamkaribisha msikilizaji kwa maneno yake mwenyewe, dakika moja.

Ndani ya kile cha pili nimepanda maneno kwa makusudi. "Thamani ya samani zilizoungua haijajulikana." Anayegeuza th kuwa s atasoma samani ya samani, na msikilizaji atabaki njia panda. "Vijana wameelezwa dhana ya ushirika kabla ya kupewa zana." "Wanaokwenda kupiga kura wasisahau kula kwanza." Na ile ninayoitazama kuliko zote: "Daktari wa macho hatakuwepo kesho." Hapo ni h peke yake inayoamua kama mgonjwa wa Chanika atapanda gari mbili alfajiri au atabaki nyumbani. H ni pumzi tupu, na watu wengi mjini huiacha wakiongea haraka: abari, apana, ela. Mtaani haileti shida, tunaonana uso kwa uso na kichwa kinatikiswa. Redioni hakuna kichwa.

Alhamisi: studio

Waombaji wamerekodi. Fundi mitambo wetu ni binti mwenye subira, na leo ameitumia yote, maana karibu kila kijana wa kiume aliingia, akavaa hedifoni, akaisogelea maiki mpaka midomo ikaigusa, kisha akaishusha sauti hadi kifuani. Wamejifunza kwa kusikiliza redio, na wanachokitafuta kipo kweli. Maiki inayopokea sauti kutoka upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia, na mtu hutoka pale na uzito ambao hakuingia nao. Lakini besi hiyo ni ya kifaa. Koo la mwanamume mtu mzima, akiongea kawaida, hutetema kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde. La mwanamke, karibu mara 200. Anayejilazimisha kushuka chini ya kimo chake hupoteza nafasi ya kupandisha na kuteremsha, anabaki kwenye mstari mmoja, na muda si mrefu sauti inaanza kukwaruza. Kipindi chetu kina saa mbili nzima.

Tumekubaliana: kila mtu akae shubiri moja kutoka kwenye maiki, mdomo ukielekea pembeni kidogo ili pumzi ya p na b isiipige moja kwa moja. Hakuna kupamba sauti kwenye kompyuta. Zitakwenda zilivyo, kila moja kwa namba, bila jina.

Jumamosi: daladala na genge

Dereva wa daladala la Gongo la Mboto ametukubalia kupiga rekodi zetu kutoka kwenye flashi, katikati ya nyimbo zake, kwa sharti kwamba muziki usizimwe muda mrefu. Tulikaa viti vya nyuma na daftari.

Studio, kwenye spika kubwa, sote tulikuwa tumeipenda Sauti ya Tatu: nzito, laini, imetulia. Ndani ya gari, kati ya Tazara na Ukonga, Sauti ya Tatu ilipotea. Ilijulikana kwamba kuna mwanamume anaongea, anachosema hakikujulikana. Injini ya dizeli, tairi na mtikisiko wa bodi vinanguruma chini huko huko inakokaa sauti yake, na kelele ya chini huifunika sauti ya chini. Tulipomuuliza konda bei ya nyanya iliyokuwa imesomwa punde tu, alijibu, "Huyu bro anajisemea mwenyewe."

Ikaja Sauti ya Tano, ya mwanamke, ambayo chumbani tuliiona ya kawaida, hata nyembamba kidogo. Ilipofika kwenye bei ya unga, mama aliyekaa dirishani aligeuka kwa jirani yake: "Umesikia? Hiyo ni soko gani?" Nilifurahi sana. Mtu akiuliza "soko gani", sauti imeshafanya kazi yake, sasa anashughulika na habari.

Sababu ya tofauti hii haina mazingaombwe. Irabu ndizo zinazobeba ukubwa wa sauti, lakini kinachotenganisha neno na neno ni konsonanti, na nguvu ya s, sh, t, k na f ipo juu, kuanzia kama Hz 2,000 (mitetemo 2,000 kwa sekunde) na kupanda, ambako mngurumo wa injini umepungua. Sauti ya Tano anazipiga konsonanti zake mpaka mwisho. Sauti ya Tatu anazimung'unya ili zisiharibu ule ulaini, na ulaini huo ndio tuliokuwa tukiusifia tukiwa kwenye kiyoyozi.

Jioni tulikuwa Mbagala, kwenye genge la mama anayekaanga mihogo. Redio yake ni simu ya kitochi iliyoegeshwa kwenye ndoo. Spika ndogo namna ile haina uwezo wa kusukuma mngurumo wa chini. Sikio la binadamu hulijaza pengo lenyewe, linaujenga upya mlio wa chini kutokana na milio ya juu iliyobaki, ndiyo maana bado unatambua kwamba anayesema ni mwanamume. Ule uzito wa kifuani, hata hivyo, haufiki. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Sasa mimi nichague mtangazaji?"

"Ndiyo mama, wewe ndiye unayesikiliza."

Alisikiliza zote, mwiko mkononi. Kisha akasema: "Hapa mafuta yanapiga kelele. Mimi nataka mtu anayesema nikamsikia bila kuinama. Nikiinama kusikiliza, mihogo inaungua." Akachagua ya Tano, na baada yake ya Saba, kijana wa Buguruni ambaye studio hakuna aliyemtaja.

Jumanne, juma la pili: mtu mmoja, sauti mbili

Mwaka 1960, huko Montreal, Kanada, mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake waliwarekodi watu wanaomudu Kiingereza na Kifaransa sawasawa, kila mmoja akisoma kwa lugha zote mbili. Wasikilizaji waliamini wanasikia watu tofauti, wakaombwa wawape sifa. Mtu yule yule alipanda na kushuka kulingana na lugha aliyosikika nayo, na hata wasikilizaji wa Kifaransa waliipa sauti ya Kiingereza sifa nyingi za juu. Baadaye Howard Giles alifanya kazi ya namna hiyo Uingereza kwa lafudhi za lugha moja: lafudhi ya wakubwa ilipewa elimu na uwezo, za mikoani zikapewa uungwana na ukaribu. Nimeutaka utaratibu huu tangu mwanzo, kwa sababu ukimuuliza mtu wa Dar "unapenda lafudhi gani?" atakupa jibu la heshima. Mchezeshee rekodi, utapata jibu la moyoni.

Sauti ya Saba alikubali kusoma mara mbili. Kwanza kama anavyoongea nyumbani kwao Buguruni. Pili kwa ule mtindo unaosikika mara nyingi kwenye FM, na anauweza barabara: r inaviringwa ulimi bila kugusa popote, o ya "leo" inaanza o na kuishia u, mwisho wa kila sentensi unapandishwa kama swali, na "karibuni" inapigwa mkazo kwenye *ka*.

Tulizipeleka saluni moja ya Sinza, kijiwe cha bodaboda cha Tandika na kwa mafundi cherehani wa Kariakoo. Hakuna aliyegundua kwamba ni mtu mmoja. Ile ya pili ilipata sifa ambazo sitaki kuzidharau: mjanja, msafi, amesoma, anafaa tangazo la benki. Saluni walimpenda wazi. Tukauliza swali la pili: akikwambia kesho maji yatakatika mtaani kwenu, nani atakufanya ujaze ndoo usiku huu? Hapo mikono ilihama. Msusi mmoja, bila kuacha kusuka, alisema kuhusu ile ya kwanza, "Huyu ningempigia simu." Kwa kipindi kinachoishi kwa simu za wasikilizaji, sikupata maoni mengine yenye thamani kama hayo.

Nadhani kuna jambo la kisikio pia, nje ya mapenzi na chuki za lafudhi. Kiswahili, isipokuwa maneno machache, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukikaa mahali pake, msikilizaji anajua bila kufikiri kwamba imebaki silabi moja neno liishe, na jipya linaanza. Ukiuhamisha, unampokonya alama hiyo, naye anatakiwa kuitafuta kwa akili. Irabu zetu ni tano na hazitembei: inayoanza o huisha o. Mtu anayezilinda anasikika wazi hata kwa spika mbovu. Hii ndiyo sababu nasema lafudhi ya Buguruni ilishinda kwa haki.

Alhamisi: Magomeni

Tulikwenda kumwamkia mzee mmoja aliyestaafu utangazaji. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaomba Sauti ya Tano irudiwe.

"Huyu binti kafundishwa na nani?"

"Hajafundishwa, mzee. Alikuwa akisoma matangazo kanisani kwao."

"Basi kafundishwa na ukumbi." Akacheka, akaendelea: "Sisi tulikuwa tunamsemea mtu aliye Mpanda, na betri zake zinaisha. Huwezi kumnong'oneza."

Maneno hayo yamenikalisha chini na historia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 jina likawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi taifa lilisikiliza kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Kwenye masafa ya kati, Afrika hupanga vituo kwa nafasi ya kilohezi 9 (Hz 9,000), hivyo sauti inayopita haifiki mbali zaidi ya Hz 4,500 hivi, na juu yake kuna mikwaruzo na mvumo. Sehemu kubwa ya s na f inakatwa njiani. Mtangazaji wa wakati ule alilazimika kuipa kila silabi muda wake na kutua palipo na maana, la sivyo nusu ya nchi isingemwelewa. Ule usomaji wa kina David Wakati na Edda Sanga, ambao vijana wengine leo wanauona wa kizamani, ulitengenezwa na mtambo na umbali. Ilikuwa heshima kwa mtu wa mbali.

Sheria ya mwaka 1993 ikafungua milango kwa watu binafsi, Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na FM ikaenea mjini. FM hubeba sauti hadi Hz 15,000. Kwa mara ya kwanza pumzi ya mtangazaji ikasikika, kicheko chake kidogo kikasikika, akaweza kusema kwa sauti ya chumbani. Marehemu Julius Nyaisanga, Anko J, na marehemu Charles Hilary walipita zama zote mbili, na naamini ndiyo maana sauti zao zilikaa: walikuwa na ukaribu wa FM juu ya msingi wa mtu aliyezoea kuifikisha sauti yake Mpanda. Waombaji wetu wengi wameurithi ukaribu bila ule msingi.

Mzee alitupa zoezi moja kabla hatujaondoka, la pumzi. Katika Kiswahili sifa hufuata jina, na mnyororo unaweza kuwa mrefu. "Wanafunzi waliofaulu kutoka Temeke wataanza Jumatatu." Ukivuta pumzi baada ya "waliofaulu", umewafanya wanafunzi watoke Temeke siku ya Jumatatu. Ukiivuta baada ya "Temeke", umesema kweli. Kabla ya kusoma, weka alama ya pumzi kwa kalamu. Nimeiandika ukutani studio.

Jumamosi: Feri

Alfajiri, soko la samaki, mnada ukiwa umepamba moto. Tuliwachezeshea manahodha na wavuvi ile tahadhari ya upepo. Nilikuwa na hofu, kwa sababu Sauti ya Tano ni mtu wa Kanda ya Ziwa na kiimbo chake, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka, kinaonekana kuanzia sentensi ya kwanza. Feri ni watu wa mwambao. Sikio lao kwa Kiswahili ni kali.

Nahodha mmoja wa makamo alimtambua papo hapo. "Huyu si wa pwani." Akasikiliza hadi mwisho. "Lakini hilo la mita mbili kalisema sawasawa. Huyu mwingine wa kwanza kalipita mbio, kama halimhusu."

Hapa nataka kuandika ninachokiamini, kwa sababu mjadala huu utarudi kwenye kikao. Lafudhi na matamshi ni mambo mawili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Tangu hapo, mtu asiyeongea kimwambao akifika studio hujiona mgeni, naye hujibana mpaka kiimbo chake kinakufa. Mimi ninayoyadai ni matamshi: r iwe r na l iwe l, dh isiwe z, th isiwe s, gh isiwe g, na h isianguke, kwa sababu hapo maana inageuka. Kiimbo cha Mwanza, cha Songea au cha Moshi hakigeuzi maana ya neno lolote. Kinasema tu huyu mtu katoka wapi, na Dar es Salaam yote imetoka mahali.

Uingereza walishapita hapa. Mwaka 1941 BBC ilimpa Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, kusoma taarifa ya habari ya taifa kwa lafudhi ya kwao. Malalamiko yalimiminika, wengine wakidai habari zenyewe haziaminiki kwa sauti ile. Pickles akaja kuwa mmoja wa watangazaji waliopendwa sana nchini mwake.

Jumatatu, juma la tatu

Kikao kifupi. Mjumbe mmoja alisema wasikilizaji hawaamini taarifa nzito kwa sauti ya mwanamke. Nikamsomea maoni ya Feri. Tukaendelea na ajenda nyingine.

Jumatano: dakika moja bila skripti

Nimekesha na rekodi za kipande cha tatu, kile cha kukaribisha. Hapa ndipo waliosoma vizuri walipoanguka. Wengi walianza na "wapenzi wasikilizaji wote popote mlipo, ndani na nje ya mipaka", na sauti ikapanda jukwaani hapo hapo, kana kwamba mbele yao kuna uwanja. Msikilizaji hayuko uwanjani. Yuko peke yake na kitochi kwenye ndoo, au kwenye foleni Tazara, au anamwogesha mtoto.

Sauti ya Saba alisema: "Kama ndiyo unarudi kazini, pole na foleni. Kama umeshafika, nisogezee kiti." Ametumia "una", amemsemea mmoja. Na sauti yenyewe ilibadilika aliposema hivyo: iliteremka kidogo mwendo, ikapata kupanda na kushuka kwa mazungumzo. Tabasamu nalo lilisikika. Midomo ikitanuka, njia ya sauti kinywani inafupika na milio yake inapanda kidogo, kwa hiyo sikio linalitambua tabasamu hata macho yasipoliona. Nilirudia sehemu ile mara kadhaa kwa raha tu.

Mwendo pia nimeupima, kwa silabi. Kuhesabu maneno kwa dakika hakutusaidii, maana "hawatatuambia" ni neno moja lenye silabi saba. Wanaopendwa huenda polepole kwenye majina, namba na vikanushi, kisha hukimbia kwenye maneno ambayo msikilizaji angeweza kuyakisia. Wasiopendwa huenda mwendo mmoja kila mahali, wawe wa haraka au wa pole.

Ijumaa: uamuzi

Sauti ya Tano ataongoza kipindi: bei, bahari, matangazo, na kila penye namba. Sauti ya Saba, kwa lafudhi yake ya nyumbani, atapokea simu. Ameuliza mara mbili kama kweli hatumtaki yule wa FM. Kweli.

Sauti ya Tatu hatumwachi. Nimetetea apewe robo saa ya mwisho, inayokaribia saa mbili usiku, wakati wengi wameshafika nyumbani, kelele za mchana zimepungua na redio kubwa ya sebuleni imewashwa. Uzito ule una mahali pake na saa yake. Sharti ni kwamba konsonanti zirudi, na tayari ameanza kusoma akiwa na kizibo cha chupa katikati ya meno, kisha bila kizibo, ili ulimi uchangamke.

Kinachobaki ni simu za wasikilizaji. Laini ya simu ya kawaida hupitisha kati ya Hz 300 na 3,400 tu, hivyo mpiga simu anafika akiwa amekatwa juu na chini, na h na s zake zimeliwa. Ukiirusha sauti hiyo hewani na kuipeleka kwenye spika ya kitochi, bibi wa Mbande hataambulia kitu. Tumeamua mtangazaji arudie kwa ufupi, kwa sentensi moja, kila alichosema mpiga simu kabla ya kumjibu, hasa kama kuna jina la mtaa au kikanushi kama "hata-" ndani yake. Sauti ya Saba anafanya mazoezi hayo na wahudumu wa mapokezi kila mchana. Fundi mitambo ameomba muda wa kurekebisha miksa ili laini ya simu isikike sawa na maiki, na mkurugenzi amempa hadi mwisho wa mwezi.